Miaka mitano haifuti deni la TRA

Swali ni lile lile kila mwaka, na mara nyingi linakuja korosho zinapoanza kuanguka, watu wa Lukuledi, Masasi na Newala wanapopanga watafanya nini na fedha za mnada. Kijana anataka leseni ya mashine ya kusaga. Anaambiwa alete kwanza hati ya kutodaiwa kodi. Anakwenda TRA, TIN yake inaingizwa kwenye mfumo, na deni la mwaka 2018 linatokea. Anatoka hapo akimtafuta mhasibu yeyote anayemfahamu: "Kaka, lile duka si nilishalifunga zamani? Na deni likipita miaka mitano si linajifuta lenyewe?"

Halijifuti. Wanaoendelea kuwaambia watu kwamba linajifuta wanawaumiza, kwa sababu mtu anayesubiri deni lizeeke ndiye anayeliacha likue.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha deni la namna hii linavyozaliwa. Msimu wa 2017/2018 bei ya korosho ghafi minadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na vijijini fedha ilionekana kwa macho: mabati mapya, pikipiki mpya, maduka mapya. Kijana wa mfano wetu anafungua duka la mahitaji ya nyumbani Januari 2018, anachukua TIN ya biashara, anakaa mbele ya afisa wa kodi na kukadiriwa. Anasema, kwa matumaini ya mwenye duka jipya, kwamba atauza kama shilingi milioni 9 kwa mwaka. Kwa viwango vya wakati ule, mfanyabiashara asiye na kumbukumbu kamili ambaye mauzo yake yalikuwa kati ya shilingi milioni 7.5 na milioni 11.5 alilipa shilingi 318,000 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa awamu nne, kila awamu ni shilingi 79,500. Analipa ya Machi, analipa ya Juni. Kufikia Agosti fedha za korosho zimekwisha mifukoni mwa wateja, daftari la mikopo limejaa, naye anafunga duka akisema atalifungua tena msimu ukianza.

Msimu ukaanza vibaya. Wakulima waligomea bei za mnada, na Novemba 2018 serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi likaletwa kusomba mzigo, na malipo ya wengi yakangoja uhakiki hadi mwaka uliofuata. Duka halikufunguliwa tena. Kijana akarudi shambani, baadaye akapata ajira. TRA hakuna aliyewaambia chochote, kwa hiyo kwenye jalada lake zimebaki awamu mbili ambazo hazikulipwa, jumla shilingi 159,000.

Hapo ndipo imani ya miaka mitano inapomkuta. Haikuanguka kutoka mbinguni, na inafaa kuonyesha ilikotoka, maana kila kipande chake kina ukweli uliopachikwa mahali pasipo pake.

Kipande cha kwanza kinatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Sheria hiyo inamwekea Kamishna kikomo cha miaka 5 kurekebisha tathmini ya kodi, isipokuwa pale penye udanganyifu au uzembe wa makusudi. Huo ni muda wa kubadilisha hesabu, na hauhusiani na muda wa kudai fedha ambayo hesabu yake ilishafanyika. Kijana wetu alikadiriwa mwaka 2018, akapewa karatasi, akalipa nusu. Hakuna tathmini mpya inayotafutwa kwake, kinachotafutwa ni nusu iliyobaki.

Kipande cha pili ni kwamba mfanyabiashara anatakiwa kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Watu wamesikia "miaka 5", wakachoma daftari, wakadhani wamechoma na deni. Hili ndilo linalouma kuliko yote, na litarudi huko mbele.

Kipande cha tatu ni Sheria ya Ukomo ya 1971, ile inayosema mtu akichelewa kushtaki kwa muda fulani anapoteza haki yake. Mkopo wa mtu na mtu una ukomo. Mikataba ya kawaida ina ukomo wa miaka 6. Lakini kifungu cha 43 cha sheria hiyo hiyo kinasema wazi kwamba haihusu mashauri ya serikali ya kudai kodi, wala riba ya kodi, wala adhabu ya kuchelewa kulipa kodi. Bunge liliandika kodi kwa jina na kuitoa nje ya ukomo. Anayebishana kuhusu ukomo wa deni la TRA asome kwanza kifungu hicho, kisha mjadala uishe.

Halafu kuna kumbukumbu za wazee. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wengi bado wanaiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na waliokuwa wakikimbilia porini mgambo wakija hawakufuatwa tena. Mzee anayemwambia mjukuu wake "tulia, hata hii itapita" anasema aliyoyaona kwa macho yake. Ila ile ilikuwa kodi ya serikali za mitaa na ilifutwa yote kwa uamuzi wa serikali. Kodi ya mapato haijafutwa.

Na kuna msamaha wa 2018. Mwaka huo serikali ilitoa nafasi ya kusamehewa riba na adhabu kwa asilimia 100 kwenye malimbikizo ya kodi. Waliosikia nusu ya tangazo wanasimulia hadi leo kwamba madeni yalifutwa. Hayakufutwa. Ilibidi mtu aombe, ndani ya dirisha lililofunguliwa Julai mwaka huo, na deni la msingi lilitakiwa kulipwa lote ndani ya muda uliopangwa. Ambaye hakuomba hakusamehewa kitu. Kukaa tangu wakati ule ukisubiri msamaha mwingine ni kuiachia riba miaka.

Riba yenyewe hukokotolewa kwa mwezi, na riba ya mwezi huu huzaa riba mwezi ujao. Kiwango chake hufuata kiwango cha Benki Kuu, kwa hiyo hupanda na kushuka. Kwa hesabu ya mfano tu, ikichukuliwa asilimia 9 kwa mwaka, zile shilingi 159,000 zikikaa miaka 7 zinafika karibu shilingi 298,000, kabla ya adhabu yoyote. Adhabu ya kutowasilisha ritani, kwa anayewajibika kuiwasilisha, huhesabiwa nayo kila mwezi.

Kwenye nafasi iliyoachwa na imani hii ndipo kishoka anapoweka meza yake. Anadai ana mtu ndani, atafuta TIN ya zamani na kukutolea mpya, au atakuandikia TIN kwa jina la mke wako. TIN ni moja kwa mtu mmoja na sasa imefungwa na namba ya NIDA. Huyo mtu wa ndani hawezi kukupa alama nyingine za vidole. Leseni iliyo kwa jina la mke inamwingiza mama wa watu kwenye kodi ya biashara ambayo haiendeshi, na deni la mume linabaki pale pale. Fedha aliyopewa kishoka ingeweza kulipa awamu.

Kuna wengine wanaoonyesha kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, vile vilivyoanza kutolewa Desemba 2018. Kilikuwa cha wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na hakikugusa deni lililokuwa limeshaandikwa. Ushuru wa halmashauri nao si kodi ya TRA. Wala kukatwa kodi kwenye mshahara leo hakulipii duka la jana.

Swali la maana, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni hili: katika deni lililoandikwa, ni kiasi gani kweli ninadaiwa?

Makadirio ya Januari ni makisio ya mwaka mzima. Duka la mfano wetu liliishi miezi 8. Tuseme mauzo yake ya kweli, tangu lilipofunguliwa hadi lilipofungwa, yalikuwa shilingi 5,400,000. Kiasi hicho kilikuwa kwenye kundi la chini, kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7.5, na kodi yake bila kumbukumbu kamili ilikuwa shilingi 150,000. Kijana alishalipa 159,000. Na kama angekuwa na kumbukumbu kamili zinazokubalika, kodi ingekuwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, yaani asilimia 3 ya shilingi 1,400,000, ambayo ni shilingi 42,000. Hapo deni ambalo amelikimbia miaka saba linaweza kuwa halipo kabisa, na sababu yake ni kwamba mauzo hayakufika pale palipokadiriwa. Uzee wa deni hauhusiki.

Lakini atathibitishaje? Daftari lilichomwa baada ya miaka mitano. Katika miaka ile yote aliyodhani anaua deni, alikuwa anaua ushahidi wake mwenyewe. Ndiyo maana imani hii inastahili kukemewa kwa nguvu kuliko zote: mtu aliyekuwa na hoja nzuri inamfikisha kaunta mikono mitupu.

Kilichobaki ni kazi ya wiki moja. Nenda ofisi ya TRA penye jalada lako, kwa wa Lukuledi ni Masasi, uombe taarifa ya deni inayotenganisha kodi ya msingi, riba na adhabu, mwaka kwa mwaka. Kama kuna miaka uliyoendelea kukadiriwa baada ya kufunga, hiyo ndiyo ya kupinga kwanza. Kusanya ushahidi wowote uliosalia: barua ya mtendaji wa kijiji kwamba duka lilifungwa mwezi fulani, mkataba wa pango, leseni ambayo haikuhuishwa, risiti za jumla, miamala ya simu. Pingamizi rasmi lina siku 30 tangu upokee tathmini, nazo zilipita zamani. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, na ili pingamizi lipokelewe unatakiwa kulipa kiasi usichobishania au theluthi ya kodi iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa. Ukikataliwa, ipo Bodi ya Rufani za Kodi. Ukiona umetendewa isivyo haki kiutaratibu, ipo ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya kodi iliyotokana na mabadiliko ya sheria ya 2019. Kama unadaiwa kweli, andika barua kuomba kulipa kwa awamu, taja kiasi na tarehe unazoweza kuzitimiza, na katika barua nyingine omba kupunguziwa riba na adhabu ukieleza sababu. Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo tu, benki au kwa simu. Usimkabidhi mtu fedha mkononi. Na omba kwa maandishi biashara ile ifungwe kwenye jalada, TIN ibaki ya kawaida. Usingoje wakuanze wao: sheria inawapa uwezo wa kuiagiza benki yako itoe fedha, kukamata mali, hata kukuzuia kutoka nchini.

Kila barua iandikwe nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo ndiyo ya kurudi nayo nyumbani.