Mlango usiofikika Rombo: Nani wa kuulizwa fedha za mradi zikiisha?

Jengo la umma linapofunguliwa, hotuba hutolewa, utepe hukatwa na bango lenye jina la mfuko uliogharimia mradi hubandikwa ukutani. Swali ambalo ni nadra kuulizwa siku hiyo ni iwapo mkazi anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kuufikia mlango bila kubebwa.

Kwa wakazi wa wadi ya Rombo, iliyo katika eneobunge la Kajiado Kusini chini ya Mlima Kilimanjaro, swali hilo lina uzito wa pekee. Makao makuu ya kaunti yako mjini Kajiado, zaidi ya kilomita mia moja kutoka huko. Mtu akishindwa kuingia katika zahanati ya karibu hana jengo la pili la kukimbilia, na kwenda kulalamika kwa wakuu ni safari ya siku nzima.

Sheria haijakosekana. Kenya ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2003. Kifungu cha 21 kilitambua haki ya mtu mwenye ulemavu ya kuishi katika mazingira yasiyo na vizuizi, nacho cha 22 kiliwapa wamiliki wa majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha. Hata hivyo, kifungu hicho cha 22 hakikuanza kutumika pamoja na sheria yenyewe. Kilicheleweshwa hadi Januari 2010, kwa hivyo makataa yakawa mwanzoni mwa 2015. Makataa hayo yalipita kimya kimya. Majengo mengi ya serikali yalibaki na ngazi zake, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo kifungu cha 24 kiliwezesha kutoa amri ya marekebisho, halikuonekana likiitumia nguvu hiyo kwa kiwango cha kumtisha yeyote.

Katikati ya hayo, Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008, kisha Katiba ya 2010 ikaandika katika Kifungu cha 54 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Sheria ya 2003 yenyewe imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, aliyoitia sahihi Rais William Ruto mwezi Mei mwaka huo. Kwa hivyo afisa anayedai leo kwamba hakuna mwongozo anasema jambo ambalo halijakuwa kweli kwa zaidi ya miaka 20.

Ugumu unaanza pale mkazi anapotaka kujua ni nani hasa wa kuulizwa. Kabla ya 2013 mambo yalikuwa mepesi kidogo kueleza. Baraza la Kaunti ya Olkejuado lilipata mgao wa Hazina ya Serikali za Mitaa, LATF, iliyotokana na asilimia 5 ya kodi ya mapato, huku mbunge na kamati yake wakisimamia Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, CDF, iliyoanzishwa 2003 kwa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Ugatuzi ulipoanza, mabaraza yalivunjwa na LATF ikafa. CDF ilibaki, ikapigwa vita mahakamani, ikabadilishwa jina kuwa NG-CDF mwaka wa 2015, na mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatangaza kuwa sheria yake inakiuka Katiba, ikiipa hadi Juni 30, 2026. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa.

Matokeo yake ni kwamba majengo mawili yanayotazamana katika kituo kimoja cha biashara yanaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Zahanati, soko, chekechea na mradi wa maji ni wajibu wa serikali ya kaunti. Darasa la shule ya msingi au sekondari na kituo cha polisi ni vya serikali ya kitaifa, na ndivyo vilivyokuwa vikijengwa kwa fedha za NG-CDF. Mlalamishi asiyejua tofauti hii huzungushwa. Ofisi ya kaunti humtuma kwa mbunge, ya mbunge humrudisha kwa mwakilishi wa wadi, na miezi hukatika hapo katikati. Kuijua mipaka hii ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili imo katika hati ambayo wananchi wengi hawajawahi kuiona, yaani orodha ya kazi na gharama ambayo mwanakandarasi hupewa kabla ya kutia sahihi. Hapo huandikwa kila kitu: mifuko ya saruji, mabati, milango na upana wake. Kama njia ya mteremko haimo katika orodha hiyo, mwanakandarasi hana wajibu wa kuijenga na wala hatalipwa akiijenga. Kipimo kinachokubalika katika nchi nyingi ni sentimita 12 za urefu wa njia kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Mlango wa mbele ukiwa sentimita 60 juu ya ardhi, njia yake yahitaji urefu wa zaidi ya mita 7. Ndiyo sababu ule mteremko mfupi na mkali unaomwagwa zege dakika ya mwisho kando ya ngazi haumsaidii mtu. Unaweza hata kumwangusha. Choo nacho huhitaji nafasi ya kiti kugeuka, takriban mita 1.5, na hiyo haiwezi kuongezwa baada ya kuta kusimama.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kusema ni kabla ya zabuni, wala si siku ya utepe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka ratiba. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sheria hiyo hiyo inataka kuwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambamo wawakilishi wa watu wenye ulemavu wana nafasi. Sheria ya NG-CDF nayo ilitenga kiti kimoja cha mtu mwenye ulemavu katika kamati ya kila eneobunge. Kiti kuwepo ni jambo moja. Aliyekikalia kupewa michoro ya majengo kabla ya kuombwa sahihi ni jambo jingine.

Kitengela inaonyesha sura nyingine ya tatizo. Mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, na nyumba za ghorofa zinaendelea kuota kando ya barabara ya kwenda Namanga. Huko, kaunti ndiyo inayotoa idhini ya ujenzi kwa wenye nyumba binafsi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ni vigumu kwa mamlaka yenye ofisi zisizofikika kumlazimisha mwenye nyumba aweke lifti au mlango mpana. Mpango wa kuimarisha miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 300 kuanzia 2017, katika kaunti zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, uliruhusu fedha zitumike kwa njia za waenda kwa miguu, mitaro, taa na masoko. Njia ya miguu inayokatizwa na mtaro ulio wazi ni fedha zilizotumika, lakini kwa mtu asiyeona ni mtego.

Swali linalofuata ni la ukaguzi. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atoe ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na athibitishe kama fedha zilitumika kisheria na kwa njia inayofaa. Neno "kisheria" lina nafasi ya kutosha kubeba suala la milango na ngazi. Lakini wakaguzi kwa kawaida huandika kuhusu miradi iliyokwama, stakabadhi zilizokosekana na malipo yasiyoelezeka. Jengo lililokamilika kwa gharama iliyopangwa huhesabiwa kuwa safi, hata kama sehemu ya wenyeji hawawezi kuliingia. Bunge la kaunti lina miezi 3 ya kuijadili ripoti hiyo, na hakuna kinachowazuia madiwani kuuliza jambo ambalo mkaguzi hakuliuliza.

Mkazi wa Rombo hahitaji kusubiri hayo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuomba orodha ya kazi na gharama, michoro na cheti cha kukamilika kwa mradi wowote wa umma. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma lazima asaidiwe na afisa husika. Halitozwi ada, isipokuwa gharama ya kunakili hati. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na likikosekana au likiwa la kukataa, mwombaji ana siku 30 za kuwasilisha malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala.