Kubadili Biashara na Msaada wa Serikali: Nasaha kwa Ndugu Zetu Walioko Uingereza

Katika miji ya Uingereza kama London na Leicester wamo Waislamu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Unguja, Mombasa, Barawa na kwingineko, na wengi miongoni mwao hawakuajiriwa na mtu. Huyu aendesha teksi, yule ashona nguo, na mwingine apika vyakula vya arusi. Hawa ni watu wajitegemeao. Lakini pato likiwa dogo na nyumba ina watoto, sheria ya nchi ile huwapa haki ya kuongezewa na serikali. Haki hiyo ina masharti yake, na masharti hayo humtatiza mtu zaidi pale aachapo biashara moja na kushika nyingine. Kwa hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo hili, ili walioko huko wajihadhari, na wenye jamaa huko wawanasihi jamaa zao.

Utaratibu wa kale na utaratibu wa sasa

Tangu Aprili 2003 msaada huo ulikuwa ukiitwa Tax Credits, yaani nafuu za kodi, nao ulitolewa na idara ya kodi iitwayo HMRC. Hesabu yake ilikuwa ya mwaka mzima. Aliyekuwa na biashara mbili ndani ya mwaka mmoja alijumlisha faida zake zote, mwezi mbaya ukafidiwa na mwezi mwema, na ile miezi ya kuhama kutoka kazi hii hadi ile haikumwumiza sana.

Utaratibu huo ulikwisha tarehe 5 Aprili 2025. Mahali pake pameshikwa na msaada uitwao Universal Credit, ulioanza mwaka 2013 chini ya wizara ya kazi na pensheni, na hesabu yake ni ya mwezi kwa mwezi. Kila mwezi mwenye biashara hupeleka habari ya fedha alizopokea na gharama alizolipa. Wengi waliokuwa katika utaratibu wa kale walihamishiwa huu mpya, na baadhi yao wangali wakidhani kuwa desturi ni ile ile. Hapo ndipo hasara huanzia.

Kiwango cha chini cha mapato

Jambo la kwanza lipasalo kufahamika ni hili: wizara hiyo imeweka kiwango cha chini cha mapato kwa mtu ambaye biashara yake ndiyo kazi yake kuu. Akipata pungufu ya kiwango hicho, huhesabiwa kana kwamba amekipata. Kiwango chenyewe hupatikana kwa kuzidisha saa ambazo mtu hutazamiwa kufanya kazi kwa ujira wa chini wa nchi, kisha huondolewa makadirio ya kodi na bima ya taifa.

Tuchukue mfano. Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026 ujira wa chini wa mtu wa miaka 21 na zaidi ulikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu atazamiwaye kufanya kazi saa 35 kwa wiki, kiwango chake kabla ya makato kilikuwa kama pauni 1,850 kwa mwezi, na baada ya makato kilizidi pauni 1,600. Sasa mtu huyo, mwenye watoto, akipata faida ya pauni 700 tu, msaada wake hukatwa kana kwamba amepata hizo 1,600. Na kwa kuwa hukatwa peni 55 kwa kila pauni, zile pauni 900 asizozipata zampunguzia karibu pauni 500 katika mwezi mmoja. Hiyo ni kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Sheria haikuwawekea watu wote kiwango hiki. Mzazi aliye mlezi mkuu wa mtoto wa chini ya miaka mitatu hakimhusu, na aliyethibitishwa kuwa ugonjwa wamzuia kufanya kazi hakimhusu pia. Na mlezi wa mtoto mkubwa kidogo huweza kupunguziwa saa, na kiwango chake kikashuka.

Mwaka mmoja wa nafasi

Jambo la pili ndilo kiini cha maneno yetu. Mwenye biashara hupewa muhula wa miezi 12 ambao ndani yake kiwango hicho hakimshiki, maadamu aonyesha bidii ya kukuza pato lake. Waliohamishwa kutoka Tax Credits nao walipewa muhula huo.

Mtu atauliza: Je, nikibadili biashara, nitapewa mwaka mwingine? Jibu ni kwamba hatapewa ila kwa masharti mawili yakutanapo: biashara mpya iwe ya namna nyingine, na iwe imepita zaidi ya miaka mitano tangu ulipoanza muhula wa kwanza. Likikosekana moja kati ya haya, hapana muhula mpya. Aliyeuanza muhula wake mwaka 2024, akafunga teksi yake mwaka 2026 ili aanze kupika, ataingia katika biashara isiyo na wateja bado huku akihesabiwa pato la mtu aliyekwisha imarika. Watu hodari wamejikuta katika dhiki kwa sababu hii, wala si kwa uvivu wala kwa kukosa riziki sokoni, bali kwa kutolijua sharti hili kabla ya kufunga mlango wa kwanza.

Afanyeje aliyekwisha tumia muhula wake?

Kwanza, asiiache kazi ya kwanza kwa siku moja kama aweza kuiendesha pamoja na ya pili. Faida za biashara zote mbili hujumlishwa, na jumla ndiyo ilinganishwayo na kiwango. Dereva akibakiza siku tatu za teksi katika wiki huku akitafuta wateja wa biriani na sambusa, pengo lake litakuwa dogo. Kadhalika mshahara wa kazi ya kuajiriwa, ijapokuwa ya saa chache, huingia katika jumla hiyo.

Pili, achague mwezi wa kununua vyombo. Katika Universal Credit gharama huhesabiwa katika mwezi ule ilipolipwa. Jiko likinunuliwa ndani ya muhula wa nafasi, hupunguza faida ya mwezi huo na msaada hufuata hali hiyo. Likinunuliwa baada ya muhula kwisha, faida yaweza kushuka chini ya kiwango, na mtu akahesabiwa kile kiwango vile vile. Tena akumbuke kwamba chombo cha biashara ya kale ambacho gharama yake ilikwisha hesabiwa, kikiuzwa, fedha zake huhesabiwa kuwa mapokezi ya mwezi huo.

Tatu, azikumbuke idara nyingine. Auzaye chakula yampasa kujiandikisha kwa baraza la mji wake siku 28 kabla ya kufungua, na kujiandikisha huko hakuna malipo. Kwa HMRC, namba yake ya kodi hubaki ile ile, lakini biashara mbili za namna mbalimbali katika mwaka mmoja hujaziwa kila moja sehemu yake. Mwaka wa kodi huanza tarehe 6 Aprili, na hesabu ipelekwayo kwa mtandao mwisho wake ni tarehe 31 Januari ifuatayo.

Nne, aseme. Siku aliyofunga biashara ya kale na siku aliyofungua mpya azijulishe wizara mara moja. Huenda ofisa akaona kwamba biashara mpya bado haijawa kazi yake kuu. Hapo kiwango hakitamshika, lakini atatakiwa atafute kazi nyingine. Basi apime lipi lililo bora kwa nyumba yake. Akiona hukumu haikuwa ya haki, ana mwezi mmoja wa kuomba itazamwe upya, na baada ya hapo yako mahakama ya rufani. Ofisi za Citizens Advice hutoa shauri bila malipo.

Hatari ya kunyamaza

Wako wanaoshauriana kuficha siku za kubadili, au kupunguza mapato yaliyopokewa kwa mkono. Shauri hilo ni baya kwa pande mbili. Kwa upande wa dunia, idara ya kodi na wizara ya msaada hupeana habari, na fedha iliyozidi hudaiwa hata baada ya miaka, na mwenye kudanganya kwa kusudi aweza kushitakiwa. Kwa upande wa dini, fedha hizo ni amana ya watu wote, na aitoaye habari ya uongo amekula asichokistahili. Wala kuandika si jambo geni kwetu. Aya ya deni katika Suratul Baqarah imetuamrisha kuandika yanayohusu mali zetu. Daftari lenye tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka na risiti zake ni ngao ya mkweli siku aulizwapo.

Neno kwa vijana

Katika nyumba nyingi huko, mtoto ndiye asomaye barua za serikali na kuwajibia wazazi katika mtandao. Enyi vijana, kazi hiyo msiidharau. Mwulizeni baba au mama: muhula wa nafasi ulianza tarehe gani? Iandikeni tarehe hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na chini yake iandikeni tarehe ya miaka mitano baadaye. Mzazi atakapokuja kusema kuwa amechoka na kazi hii na ataka kushika nyingine, mfungulieni ukurasa huo kwanza, mzitazame pamoja tarehe hizo mbili, kisha ndipo aamue.