Jina Moja Ndani ya Jina Moja: Muundo wa Skima za XML na Data ya Lugha kutoka Rodi Kopany

1. Utangulizi

Asafiriye kutoka Rongo, katika Kaunti ya Migori, kwenda mjini Homa Bay hupita Rodi Kopany, penye njia panda ya kwenda Ndhiwa. Akiulizwa hapo aendako, jibu la "Homa Bay" humtosha muulizaji, kwa kuwa muktadha unaonyesha kwamba mji ndio unaotajwa. Hata hivyo, Rodi Kopany yenyewe imo katika Homa Bay, yaani kaunti. Ndani ya kaunti hiyo mna eneo bunge liitwalo Homa Bay Town, na ndani ya eneo bunge hilo mna wadi nne ambazo majina yake yote huanza kwa Homa Bay. Wasemaji hawatatizwi na jambo hili. Kompyuta haina muktadha mwingine ila ule iliopewa.

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo linalowakabili wanaisimu wanaohifadhi matini na kumbukumbu za wasemaji kwa XML. XML ni utaratibu wa kutia alama katika matini, ambapo kila sehemu, iitwayo elementi, hufunguliwa na kufungwa kwa jina lake, nayo yaweza kubeba elementi nyingine ndani yake. Skima ni sarufi ya utaratibu huo: huamua elementi zipi zaruhusiwa, mahali gani, na kwa mpangilio upi. Swali ni hili: skima iundwe vipi endapo elementi moja imo ndani ya nyingine yenye jina lile lile, au jina lile lile latumika katika ngazi mbalimbali za waraka mmoja?

2. Ufanano wa namna mbili

Watunga kamusi wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Kaa wa pwani, kaa la moto na kitenzi "kaa" ni vidahizo vitatu, ijapokuwa umbo ni moja. Kichwa cha mtu na kichwa cha habari, kwa upande mwingine, ni maana mbili za kidahizo kimoja. Swali hilo hilo halina budi kuulizwa kwanza kuhusu elementi.

Ichukuliwe kumbukumbu ya msemaji wa Rodi Kopany. Elementi "mahali" inayotaja kaunti ina ndani yake "mahali" inayotaja eneo bunge, nayo ina "mahali" inayotaja wadi. Hapa dhana ni moja inayojirudia. Elementi "jina" ni kisa tofauti. Yaweza kutumiwa kwa jina la msemaji, kwa jina la mahali, na hata, kwa kufuata istilahi ya vitabu vya sarufi vya zamani, kwa aina ya neno ambayo siku hizi huitwa nomino. Hapa dhana ni tatu, na kilicho kimoja ni umbo tu.

3. Lugha za skima zinavyoruhusu

Katika DTD, iliyofafanuliwa pamoja na XML 1.0 mwaka 1998, elementi yenye jina fulani hutangazwa mara moja tu. Hivyo "jina" litakuwa na muundo mmoja popote litokeapo. XML Schema ya W3C, ya mwaka 2001, iliruhusu elementi itangazwe ndani ya elementi nyingine, hata "jina" la msemaji likawa na muundo usiofanana na wa "jina" la mahali. Sharti lilibaki moja: elementi zenye jina moja zilizo chini ya mzazi mmoja lazima ziwe za aina moja. RELAX NG, iliyobuniwa na James Clark na Murata Makoto na kutolewa mwaka huo huo, haina sharti hilo.

4. Njia ifaayo

Ruhusa ya skima si sababu ya kutosha ya kutumia jina moja. Palipo na dhana mbalimbali, yafaa majina yatenganishwe: "jinaMsemaji", "jinaMahali", "nomino". Palipo na dhana moja inayojirudia, yafaa jina libaki moja, na ngazi ionyeshwe kwa sifa iitwayo "aina". Mwongozo wa TEI, mradi ulioanza mwaka 1987, hufuata njia hii ya pili kwa sehemu ya matini ndani ya sehemu, maana ndani ya maana, na mahali ndani ya mahali.

Yaweza kupingwa kwamba muundo huo haukatazi kaunti kuwekwa ndani ya wadi. Pingamizi hiyo ni ya haki, na kanuni za ziada, kama zile za Schematron, zaweza kuzuia kosa hilo. Lakini ngazi za utawala hubadilika. Kabla ya Katiba ya 2010, Homa Bay na Migori zilikuwa wilaya katika Mkoa wa Nyanza. Serikali za kaunti zilianza baada ya uchaguzi wa 2013. Skima yenye elementi "mkoa" na "wilaya" ingelazimika kuandikwa upya, ilhali yenye "mahali" na "aina" huongezewa thamani mpya tu.

5. Hitimisho

Hasara ya kupuuza jambo hili huonekana wakati wa kutafuta. Ombi la kutaka kila "mahali" penye jina Homa Bay hukusanya ngazi zote bila kubagua. Katika Kaunti ya Homa Bay husemwa Kiluo, na katika kisiwa cha Mfangano kungali na wasemaji wa Kisuba, lugha ambayo wengi wa jamii yake wamehamia Kiluo. Kumbukumbu ya Mfangano iliyoandikwa "Homa Bay" pasipo aina itahesabiwa kuwa ya mjini, na mtafiti wa Kisuba ataipita asiione. Kwa lugha yenye matini machache, kila kumbukumbu ipoteayo hivyo ni pengo lisilozibika kwa urahisi. Kwa hiyo uamuzi wa kutenganisha au kuunganisha majina ni kazi ya mwanaisimu kabla ya kuwa ya fundi wa kompyuta.