Dawa Itulizayo Moyo na Kudhuru Viungo Vingine

Askari yeyote ajua kwamba bunduki isiyopakwa mafuta huliwa na kutu, na kutu hiyo ni kazi ya unyevu pamoja na oksijeni ile ile tuivutayo. Mwilini nako oksijeni ina ukali wake. Seli zinapoitumia huzaa mabaki makali, ambayo mwili huyazima kwa kinga zake wenyewe. Kinga zikizidiwa, viungo huanza kuharibika. Wataalamu wameuona uharibifu wa namna hiyo katika dawa ya moyo iitwayo amiodaroni.

Asili yake ni mmea wa Misri, uliotumiwa na wenyeji tangu kale kutibu vijiwe vya figo. Kwa kufuata kiini cha mmea huo, wanakemia wa Ubelgiji waliunda amiodaroni mwaka 1961, wakikusudia kutibu maumivu ya kifua. Mwaka 1970, huko Oxford, Uingereza, Bramah Singh na mwalimu wake Vaughan Williams walionyesha kwamba huuzuia moyo usipige ovyo. Hata leo imeokoa wengi ambao mioyo yao ilikimbia mbio za kifo.

Lakini kidonge kimoja cha miligramu 200 kina madini joto yapatayo miligramu 75, hali mtu mzima hutosheka na miligramu 0.15 tu kwa siku. Ndiyo maana tezi ya shingoni hulegea, au hufanya kazi kupita kiasi. Tena dawa hii hupenda mafuta: hujilimbikiza katika ini, mapafu na ngozi, ikauchochea ule ukali humo humo. Kuiacha si kuitoa. Nusu yake huchukua yapata siku 58 kutoka mwilini, na kwa wengine zaidi ya 100.

Linalotisha zaidi ni mapafu. Huanza kwa kikohozi kikavu na pumzi fupi, nyumbani wakadhani ni mafua, mama akachemsha tangawizi. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali upesi, na vidonge vyake vichukuliwe daktari avione. Asiviache kwa shauri lake, maana moyo waweza kurudia mbio zake. Asiyekohoa naye hupimwa damu kila miezi sita, kwa ajili ya ini na tezi. Na akitoka juani avae kofia na shati la mikono mirefu, kwani ngozi yake huungua upesi.