Alama za juu pekee hazifungui mlango wa Harvard

IFIKAPO mwishoni mwa Machi kila mwaka, vyuo vikuu vinane vya kaskazini mashariki mwa Marekani vinavyounda kundi la Ivy League hutoa majibu kwa waombaji wa shahada ya kwanza. Walio wengi huambiwa hapana. Harvard ilipokea maombi 54,008 ya wanafunzi wa kuanza masomo mwaka 2024, ikakubali 1,970, yaani chini ya wanne katika kila 100.

Wengi wa wanaokataliwa walikuwa vinara wa shule zao, na nyumbani kwao watu walishajiaminisha kwamba mtoto atapita. Wazazi wa Dar es Salaam na Nairobi ambao watoto wao huomba vyuo hivyo hujiuliza swali lile lile wanalojiuliza wa New York: je, nafasi ya mwanafunzi yaweza kukadiriwa kabla ya majibu kutoka?

Kwa mzazi wa Afrika Mashariki, kikwazo cha kwanza ni mazoea. Amekulia katika mfumo wa pointi. Nchini Tanzania hutazamwa tahasusi na ufaulu wa kidato cha sita; nchini Kenya, KUCCPS huwapanga wanafunzi kwa pointi za KCSE na za masomo yanayohusiana na kozi. Mfumo huo una ukali wake, lakini unahesabika. Vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkubwa havina mstari wa namna hiyo, kwamba aliye juu yake ameingia na aliye chini ameachwa.

Ushahidi wa wazi kuhusu jambo hili ulipatikana mahakamani. Chama cha Students for Fair Admissions kiliishtaki Harvard mwaka 2014, kesi ikasikilizwa Boston mwaka 2018, na Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapiga marufuku kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili. Mgogoro ulihusu rangi, lakini kwa anayetaka kujua udahili unavyofanyika, faida yake ni kwamba chuo kililazimika kufungua mafaili yake.

Ilibainika kuwa miongoni mwa Wamarekani wapatao 26,000 walioomba kuanza masomo mwaka 2015, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama za shuleni. Waliopata alama zote katika sehemu ya hisabati ya mtihani wa SAT walizidi 3,000. Waliokubaliwa mwaka huo, pamoja na wageni, walikuwa takriban 2,000. Kwa hiyo hata kama chuo kingeamua kuchukua wenye alama kamili tu, maelfu wangebaki nje.

Aidha, ilielezwa kwamba kila mwombaji hupewa daraja kuanzia 1, ambalo ndilo la juu, hadi 6, katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na haiba. Kisha jopo la watu wapatao 40 hujadili na kupiga kura. Alama humfikisha mwanafunzi mezani; yanayofuata hapo ni hukumu ya binadamu, na hukumu hiyo haina kanuni ya kukokotoa.

Asilimia inayotangazwa nayo huficha mengi. Kesi hiyo ilionyesha kuwa wanamichezo walioteuliwa na makocha, watoto wa wahitimu, watoto wa watumishi wa chuo na wale waliomo katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili walikuwa takriban asilimia 5 ya waombaji wa ndani, lakini walichukua karibu asilimia 30 ya nafasi. Chukulia chuo chenye waombaji 2,000 na nafasi 100. Kundi hilo la watu 100 likichukua nafasi 30, waliobaki 1,900 wanagombea 70. Asilimia 5 iliyotangazwa imekwisha kushuka chini ya 4 kwa mtu asiye na mjomba wala kocha.

Kwa upande mwingine, miongoni mwa waombaji wamo pia waliotuma maombi kwa kubahatisha tu, na mwanafunzi hodari ana nafasi nzuri kuliko hao. Wastani, kwa maneno mengine, haumhusu mtu yeyote hasa.

Kwa mwanafunzi kutoka nje ya Marekani kuna jambo zito zaidi, nalo ni fedha. Vyuo vichache, wakiwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, huamua maombi ya wageni bila kutazama kama wanahitaji msaada wa ada, na humpa aliyekubaliwa msaada unaolingana na mahitaji yake. Kwingineko, Stanford ikiwa mfano, uhitaji wa mgeni waweza kuzingatiwa katika uamuzi. Wanafunzi wawili wenye alama zinazolingana, mmoja akiwa na baba wa kulipa ada yote na mwingine asiye na kitu, hawana nafasi sawa katika vyuo vya aina hii. Anayekadiria nafasi bila kuuliza habari za ada amekadiria nusu tu.

Hesabu nyingine inayowapoteza watu ni ya wingi wa maombi. Hudhaniwa kwamba mwenye nafasi ya asilimia 5 katika kila chuo, akiomba vyuo kumi, ana asilimia 40 ya kupata angalau kimoja. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama kila chuo kingerusha dete yake peke yake. Lakini vyuo vyote kumi vinasoma faili lile lile. Insha ikiwa dhaifu, ni dhaifu kote. Barua ya mwalimu inayosema tu kwamba huyu ni kijana mtiifu na mwenye bidii haina kosa, ila haimtofautishi na maelfu ya watiifu wengine, na hivyo hivyo itasomwa mara kumi. Maombi ya ziada huongeza nafasi, lakini kwa kiasi kidogo kuliko hesabu hiyo inavyoahidi.

Kwa sababu hizo, wakala anayemwambia mzazi kuwa mwanawe ana asilimia 80 ya kuingia Yale anauza kitu asichonacho. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliufichua mtandao wa William Singer, aliyewauzia wazazi matajiri uhakika wa nafasi. Uhakika huo ulitokana na hongo, alama za mitihani za udanganyifu na watoto kusingiziwa uanamichezo. Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Makadirio ya haki huishia kwenye mafungu. Liko fungu la vyuo vya kujaribu bahati, ambamo vyuo vyote vinavyokubali chini ya mmoja katika kumi huingia, hata kwa mwanafunzi bora wa taifa zima. Liko fungu la vyuo ambavyo wanafunzi wenye alama kama zake hukubaliwa mara nyingi na msaada wa ada upo. La tatu ni la uhakika, na kwa mtoto wa familia isiyo na uwezo fungu hilo ni nadra kupatikana Marekani. Kwa kawaida lipo nyumbani.

Kalenda, kwa bahati nzuri, inaruhusu yote mawili. Maombi mengi ya Marekani hufungwa mwanzoni mwa Januari na majibu hutoka Machi, ilhali matokeo ya kidato cha sita nchini Tanzania hutangazwa kwa kawaida Julai. Aliyekataliwa na Harvard bado ana muda wa kutosha kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.