Ndugu yako yuko ndani? Soma hii kabla hujatuma hela

Chukulia mama mmoja wa Mwanhuzi, wilayani Meatu. Usiku simu inaita, namba ngeni: "Kijana wako tunaye hapa Bariadi. Tuma laki mbili tumalize hili jambo, la sivyo kesho anapelekwa gerezani."

Bariadi ni mbali, wakala wa kutuma hela yuko jirani. Ni rahisi kutuma, na hapo ndipo hela inapopotea.

Kabla ya kutuma chochote, uliza kwanza: yuko kituo cha polisi, ni mahabusu, au ameshafungwa? Jibu ndilo linaloonyesha hela inapita wapi, au kama haihitajiki kabisa.

Akiwa kituo cha polisi

Dhamana ya polisi hailipiwi. Kinachotakiwa ni mdhamini anayeaminika, mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo. Ukiombwa "hela ya dhamana", piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Akiwa mahabusu gerezani

Huyu bado hajahukumiwa. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa nafasi ya kupata chakula na nguo kutoka nyumbani, kwa utaratibu wa gereza. Ulizia getini siku za kutembelea na vitu vinavyopokelewa kabla hujanunua.

Mahakama ikisema dhamana ni "bondi ya milioni moja", usianze kuuza ng'ombe. Mara nyingi hiyo ni ahadi ya maandishi: mdhamini anasaini, na anadaiwa pale mshtakiwa anapotoroka.

Akiwa mfungwa

Mfungwa haruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo humtumii hela kwenye laini yake. Fedha zake zinatunzwa na uongozi wa gereza, zinaandikwa kwenye daftari, na anarudishiwa akimaliza kifungo. Ukitaka kumwachia kitu, nenda ofisi ya gereza, uliza kama kinapokelewa, na hakikisha kimeandikwa kwa jina lake.

Kama ni faini

Hapa hela inahitajika kweli. Mtu aliyefungwa kwa kushindwa kulipa faini anaweza kuachiwa faini ikilipwa, hata kama ameshaanza kifungo. Nenda mahakama iliyotoa hukumu, upewe kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Unalipia benki au kwenye simu, sehemu ya malipo ya Serikali. Tunza stakabadhi, ndiyo ushahidi wako.

Ukipigiwa simu na namba ngeni

- Uliza jina la kituo au gereza, na kosa analotuhumiwa nalo.
- Kata simu. Hakikisha mwenyewe kupitia ndugu aliye karibu, mwenyekiti wa kijiji au kituo chenyewe.
- Usitume kwenye laini ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa askari au karani.
- Ukigundua ni tapeli, tuma namba yake kwenda 15040.
- Ukishatuma kwa bahati mbaya, pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo, kabla hela haijatolewa.

Kama huna wakili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili ya wasio na uwezo, wakiwemo walioko magerezani. Ulizia wasaidizi wa kisheria ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Na yule mama wa Mwanhuzi? Akate simu, ampigie ndugu yake aliyeko Bariadi, amtumie hela ya bodaboda. Asubuhi ndugu afike kituoni na kitambulisho mkononi. Kama kijana yupo, atapata mdhamini. Kama hayupo, laki mbili imebaki nyumbani.