Mradi wa maji wa kijiji unapopata wasimamizi wapya: mambo ya kujua kabla mkataba haujatiwa sahihi

Vijijini kuna miradi mingi ya maji iliyojengwa kwa harambee, kwa msaada wa makanisa na mashirika, au na serikali na kisha kuachiwa wanakijiji. Kwa miaka mingi imesimamiwa na kamati za kujitolea. Baadhi ya kamati zimefanya kazi nzuri. Kwingine, pampu ikiharibika hakuna fedha za kuitengeneza wala mtu wa kuulizwa, na watu hurudi mtoni na mitungi yao.

Miradi kama hii inahitaji kuwekwa chini ya usimamizi unaotambuliwa na sheria. Wakazi wengi huuliza kama wananyang'anywa maji yao. Makala haya yanaeleza kinachobadilika, kisichobadilika, na wajibu wako.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Ratiba ya Nne ya Katiba iliweka huduma za maji na usafi chini ya serikali za kaunti. Sheria ya Maji ya 2016, iliyoanza kutumika Aprili 2017, ilifafanua jinsi ya kutekeleza hayo.

Sheria hiyo inasema kwamba jamii haiwezi kunyimwa huduma kwa sababu tu eneo lake halileti faida. Pale ambapo kampuni ya maji yenye leseni haiwezi kujiendesha kibiashara, kaunti ina wajibu wa kuweka mpango mwingine, kama vile visima, mifereji ya umma na mifumo midogo ya mabomba.

Nani anaweza kusimamia?

Mradi unaweza kuunganishwa na kampuni ya maji ya kaunti yenye leseni. Katika maeneo yasiyo na faida ya kibiashara, unaweza kusimamiwa na chama cha jamii, shirika la manufaa ya umma au mtu binafsi. Wote hawa watatu lazima wawe na mkataba na serikali ya kaunti. Kwa hivyo, kamati ya sasa inaweza kuendelea na kazi, lakini itakuwa na masharti ya kutimiza na mahali pa kutoa hesabu.

Njia ya kushirikiana pia ipo. Mjini Kisumu, kampuni ya maji ya KIWASCO imekuwa ikiwauzia vikundi vya mitaani maji kwa jumla katika mtaa wa Nyalenda, na vikundi hivyo huwafikishia wakazi na kukusanya malipo. Huko Kyuso, Kaunti ya Kitui, mafundi waliopewa jukumu la kuhudumia pampu za mkono walipunguza muda wa kungoja matengenezo kutoka takriban mwezi mmoja hadi chini ya siku 3.

Usichanganye wasimamizi hawa na Chama cha Watumiaji wa Rasilimali za Maji (WRUA). Chama hicho hulinda mto na chemchemi. Kazi yake si kuuza maji.

Kwa nini kujitolea pekee hakutoshi?

Chukua mfano wa kisima kinachouza mitungi 500 ya lita 20 kwa siku, kwa shilingi 3 kila mtungi. Hizo ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Tuseme stima inachukua 25,000 na mhudumu analipwa 10,000. Zinabaki 10,000. Ikiwa pampu mpya ni shilingi 240,000, kamati lazima iweke akiba hiyo kwa miaka miwili bila kuigusa. Mradi ambao haukuweka akiba utasimama siku pampu itakapoungua, hata kama maji yalikuwa yakiuzwa kila siku. Wasimamizi wapya wasiotenga fedha za matengenezo watakwama vivyo hivyo.

Nini kiandikwe kabla ya makabidhiano?

Hapa ndipo migogoro mingi inaweza kuepukwa. Mkataba wa usimamizi si hati ya kuuza mali, lakini mali isiyoandikwa hupotea kwa urahisi. Kamati, afisa wa maji na wakazi wahakikishe orodha ina mambo haya:

- Mali yote: kisima, pampu, matangi, mabomba, mita, vioski na sola, pamoja na hali ya kila kimoja.
- Ardhi ya kisima, tangi na vioski. Mara nyingi mwenye shamba alitoa nafasi kwa neno la mdomo tu. Makubaliano hayo yaandikwe sasa, kabla ya shamba kurithiwa au kuuzwa.
- Kibali cha kuchota maji kutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), na tarehe ya kwisha kwake.
- Fedha zilizo benki na kwenye simu, pamoja na amana ambazo wateja walilipa walipounganishiwa maji.
- Madeni: bili ya stima, mishahara ya wahudumu na mikopo. Ielezwe wazi nani atayalipa.
- Idadi ya wateja, wakiwemo wanaochota kwenye vioski ambao si wanachama.

Orodha isomwe barazani na nakala yake ibaki kijijini.

Bei itapanda?

Inaweza kupanda, hasa pale ambapo bei ya zamani haikutosha hata kulipia stima. Lakini kampuni yenye leseni haiwezi kupanga bei itakavyo. Lazima iidhinishwe na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB). Kwa miradi iliyo chini ya mkataba, hakikisheni bei ya kioski na utaratibu wa kuibadilisha vimeandikwa. Mapato ya maji yanapaswa kurudi kwenye huduma ya maji. Dai risiti kila unapolipa.

Wasimamizi wapya wakishindwa?

Jibu lazima liwe ndani ya mkataba: utadumu miaka mingapi, pampu itengenezwe ndani ya siku ngapi, hesabu zisomwe lini, na kaunti itachukua hatua gani masharti yakivunjwa. Mkataba usio na majibu haya usiharakishwe.

Wajibu wako

Hudhuria mikutano ya ushirikishaji wa umma na uulize maswali. Wanawake na vijana, ambao ndio huchota maji nyumbani mwingi, wasikose nafasi katika usimamizi. Ikiwa una risiti ya mchango au makubaliano ya ardhi, peleka nakala kwa kamati kabla orodha haijafungwa. Kwa maelezo zaidi, fika katika afisi ya maji ya kaunti ndogo au kwa msimamizi wa wadi yako. Una haki ya kuuona mkataba kabla haujatiwa sahihi.